Hata Bolt spidi ilimshuka mwishoni

Kila mwaka nikifika kwenye topiki ya mwendo na fomu three inakuwa yale yale, fomula wanazo kichwani zote, swali la gari lililoanza kutoka kwenye taa wanalipata vizuri tu, ila ukimuuliza mtu mchapuko, yaani spidi inavyobadilika kila sekunde, ni nini hasa, kimya. Kwakweli inaniuma. Mwaka huu nikawaambia fungeni madaftari tutoke uwanjani.

Tukapima mita 100, kila mita 20 jiwe, na kwenye kila jiwe mwanafunzi mmoja ameshika stopuwochi ya maabara. Wa kuanzisha anashusha kitambaa, hapigi filimbi, maana sauti inachukua kama sekunde 0.3 kufika mita 100 na hiyo inaharibu vipimo vyote. Akakimbia binti mmoja, anajulikana shule nzima kwa mbio. Mita 20 za kwanza sekunde 4.0, halafu 2.9, 2.7, 2.8, za mwisho 3.0.

Akaja juu, mwalimu huyu wa jiwe la mwisho kachelewa kubonyeza, mimi nilikuwa naongeza mpaka mwisho!

Basi nikawaandikia namba za Usain Bolt, Berlin 2009, siku ile alipokimbia mita 100 kwa sekunde 9.58. Mita 20 za kwanza sekunde 2.89. Kati ya 60 na 80 ni 1.61, gawanya mwenyewe, mita 12.4 kwa sekunde. Za mwisho 1.66. Yaani rekodi ya dunia na bado pale mwisho spidi inashuka, wenzake nao inawashuka tu, wengi zaidi yake, ndo maana kwenye TV unaona kama yeye anazidi kuchanganya.

Sasa kijana wa nyuma ambaye huwa haongei kabisa akauliza, kama pale katikati spidi haibadiliki basi mchapuko ni sifuri, na nguvu ni sifuri, mbona mtu anaumia hivyo? Jamani nilifurahi! Maana sifuri ni ile jumla, anasukuma ardhi kwenda nyuma lakini hewa inamrudisha na kila mguu ukitua mbele ya mwili unamfunga breki kidogo, anachosukuma chote kinaishia kulipa hiyo breki. Tulibishana mpaka kengele ya chai ikalia na hakuna aliyeondoka.

Ijumaa tunarudi, binti anataka akimbie na upepo halafu kinyume chake, na jiwe la mwisho kasema nisimame mimi.