Kulala na madirisha wazi: kumbukumbu ya ulinzi wa Hiace yangu

Juma la kwanza

Hiace niliyoinunua mwaka jana ilikuwa daladala, na kitasa cha mlango wake wa kuburuta kilikuwa kimechoka kiasi kwamba hata ufunguo wa kabati la nguo ulikifungua. Nimekwisha kuondoa viti vya nyuma, nikaweka kitanda cha mbao na sanduku la vyombo, na ninakusudia kulala humo pwani, mahali ambapo hakuna kambi ya kulipia wala geti. Kumbukumbu hii inahusu ulinzi peke yake, na nimejiwekea kikomo cha shilingi 200,000.

Ushauri mwingi niliousoma umeandikwa na watu wa nchi za baridi, ambao hufunga kila kitu na kujifunika blanketi. Kwetu Dar es Salaam mwezi wa Februari, gari lililofungwa vioo ni tanuri hata saa nane za usiku. Kwa hiyo mlango ni tatizo dogo, maana komeo mbili za ndani na kufuli moja vinalimaliza. Kazi iko kwenye dirisha ambalo lazima liwe wazi.

Juma la pili

Nilikwenda eneo la Gerezani kwa fundi wa kuchomelea, nikiwa na vipimo vya madirisha mawili ya kusukuma. Yeye alitaka kuchomelea nondo kwenye bodi moja kwa moja. "Kaka, hii haitoki, mwizi atachoka mwenyewe," aliniambia. Nilimjibu kwamba mimi pia sitatoka, na ndani ya gari hilo kuna jiko la gesi. Tulikubaliana atengeneze fremu ya chuma bapa yenye bawaba upande wa ndani, inayofungwa kwa pini mbili ambazo mtu aliye kitandani anaweza kuzichomoa gizani bila ufunguo wala bisibisi. Nimejaribu nikiwa nimefumba macho, na imenichukua muda usiozidi pumzi tatu.

Nafasi kati ya chuma na chuma ni sentimita nne, ambayo ngumi yangu haipiti. Hata hivyo, sisi wa Tabata tunajua kwamba mwizi wa dirishani haingizi ngumi. Huingiza fimbo ndefu yenye ndoano na kuvua suruali yenye simu mfukoni huku mwenyewe akikoroma. Nimeongeza wavu mgumu wa chuma juu ya fremu, na chandarua ndani yake kwa ajili ya mbu. Upepo bado unapita.

Juma la nne

King'ora nimekitengeneza mwenyewe kwa vifaa vya Kariakoo: swichi za sumaku za milango, rilei moja ya gari yenye miguu mitano (swichi inayoendeshwa kwa umeme), kitufe, fyuzi, na king'ora cha volti 12. Swichi zimeunganishwa kwa mfululizo, moja kila mlango na moja kila fremu ya dirisha. Vyote vikiwa vimefungwa, umeme hupita katika swichi zote na kuishikilia rilei. Mlango mmoja ukifunguliwa au waya ukikatwa, rilei huachia na king'ora hulia.

Jambo lililonigharimu jioni mbili ni kwamba mwizi akifunga tena mlango, king'ora kilinyamaza. Dawa yake ilikuwa ndani ya rilei ileile: umeme wa kuishikilia nimeupitisha kwenye mguu wake wenyewe, ule unaopata umeme rilei ikiwa imeshika tu. Ikishaachia, hata milango yote ifungwe, haiwezi kushika tena mpaka mimi nibonyeze kitufe.

Juma la sita

Nilisafiri kikazi siku 14 na kuiacha Hiace nyumbani king'ora kikiwa kimewashwa. Niliporudi, betri ilikuwa imekufa kabisa. Nilipopima, nilikuta rilei inakula ampea 0.15 muda wote inaposhika, kiasi ambacho kwa usiku mmoja hakisumbui, lakini kwa siku 14 kinafika takribani saa-ampea 50 (ampea mara saa). King'ora hiki sasa ni cha kuwashwa ninapolala tu. Gari likiwa limeegeshwa nyumbani, ninategemea swichi ya siri niliyoiweka kwenye waya wa solenoidi ya pampu ya dizeli, yaani vali ya umeme inayoruhusu dizeli kupita: ikizimwa, stata inazungusha injini kama kawaida lakini dizeli haipiti. Ilipo sitaiandika, isipokuwa kwamba mkono wa dereva unaifikia, kwa sababu usiku wa kuondoka haraka si usiku wa kulala chini ya gari ukitafuta swichi.

Juma la nane

Jaribio la kwanza la kweli lilikuwa Kimbiji, pwani ya Kigamboni. Nilifika jua halijazama, nikaenda kumwamkia mwenyekiti wa serikali ya mtaa na kumweleza nia yangu. Aliitikia shikamoo yangu, akanionyesha mahali chini ya minazi, juu ya mstari wa mwani ulioachwa na bamvua, na akawataarifu wavuvi wawili waliokuwa wakishona nyavu. Niligeuza gari likaelekea njia, ili nisilazimike kurudi nyuma gizani.

Saa tisa za usiku niliamka kwenda kujisaidia, nikaburuta mlango, na king'ora kikalia minazi yote isikie. Kabla sijakipata kitufe, ambacho kwa akili zangu nilikuwa nimekiweka karibu na usukani, tochi tatu zilikuwa zimefika. "Hodi, mgeni! Kuna usalama?" Niliomba radhi nikiwa nimesimama na taulo. Mzee mmoja alicheka, akazunguka gari lote akimulika chini ya matairi kwanza, ndipo wakarudi kwenye ngalawa yao.

Kitufe nimekihamishia kichwani pa kitanda. Gharama hadi sasa ni shilingi 187,000, na zilizobaki zitanunua komeo la mlango wa nyuma, ambao unalegea kila nikipita barabara ya vumbi.