Madigadi ya trekta la zamani: anza na kutu usiyoiona

Kutu ya mgongoni, yaani uso wa juu wa madigadi, hutisha kuliko inavyodhuru. Mara nyingi hutoka kwa brashi ya waya, bati likabaki zima. Bati huliwa kule tope linakoganda: ndani ya mkunjo wa ukingo, na hasa nyuma ya brakiti inayoshika madigadi kwenye ekseli. Kwa hiyo yafungue. Kuyapiga rangi yakiwa yamefungwa ni kupoteza rangi.

Bolti zikigoma, zimwagie oili ya kulegeza kutu zilale nayo usiku kucha. Bado? Kata nati kwa grainda. Bolti mpya ni nafuu kuliko tundu lililochanika.

Sasa gonga bati lote taratibu kwa nyundo ndogo. Palipo pazima hulia. Palipoliwa hutoa sauti butu. Chokoa hapo kwa bisibisi. Ikipenya, chora chaki sentimita 2 hivi nje ya kutu, ukate hapo. Ukikata karibu mno na kutu utachomelea kwenye bati jembamba, na moto utatoboa tundu kubwa kuliko la mwanzo.

Kiraka kiwe na unene uleule wa bati la madigadi. Lenye zinki liepuke, moshi wake ni sumu. Chomelea kwa vidoti vilivyoachana milimita 25 hivi, kimoja huku, kingine upande wa pili, kisha jaza nafasi kidogokidogo ukiacha chuma kipoe. Wenye haraka hupitisha mshono mmoja mfululizo; bati hupinda mawimbi, nao hukimbilia pati, ule ujazio wa kusawazisha bati. Pati ikizidi milimita 3 kwenye kitu kinachotikisika hivi, itapasuka, na maji yatajificha chini yake.

Rangi za zamani huenda zina madini ya risasi, ambayo ni sumu, basi vaa barakoa yenye kichujio cha P100 au P3 unapokwangua; ya vumbi ya kawaida haitoshi. Sugua kwa msasa namba 80, futa kwa tina, upige praima (rangi ya kwanza ya kukinga chuma) ya epoksi siku hiyohiyo. Pati, kama inahitajika, ije juu ya praima. Malizia kwa msasa 180, halafu 320, praima tena palipofunuka, kisha rangi mikono miwili au mitatu myepesi.

Wengi husahau uso unaolala kwenye brakiti. Upake pande zote mbili kabla ya kufunga, weka kipande cha mpira katikati, na toboa tundu la milimita 6 sehemu ya chini kabisa ya mkunjo ili maji yatoke. Kingo za tundu nazo zipakwe rangi.