Kuufuata Mwaka 1914 Kutoka Mombasa Hadi Tanga

Katika vitabu tulivyosomea shuleni, mwaka 1914 huanzia Sarajevo. Tarehe 28 Juni Gavrilo Princip alimpiga risasi Franz Ferdinand, mrithi wa ufalme wa Austria na Hungaria. Mwezi mmoja baadaye Austria ikaitangazia vita Serbia. Na ilipofika tarehe 4 Agosti, Urusi, Ujerumani, Ufaransa na Uingereza zote zilikuwa zimekwisha kujitumbukiza. Vitabu hivyo humaliza habari za Afrika Mashariki kwa aya moja au mbili. Nilifunga safari ya kutoka Mombasa hadi Tanga, kwa kuzunguka Taveta na Moshi, kwa kuwa nilitaka kukanyaga mwenyewe mahali ambapo mwaka ule uliwapata watu wetu, ambao hawakuulizwa neno lolote kuhusu Serbia wala Austria.

Mombasa nilianzia penye mnara wa kumbukumbu wa askari wa Kiafrika, uliowekwa miaka ya 1920 kama ile ya Nairobi na Dar es Salaam. Watu hupita hapo kutwa nzima wakiwahi kazini na sokoni. Maandishi yake yanawataja askari, kisha yanawataja wapagazi na kuwaita miguu na mikono ya jeshi, na mwishoni yanamwahidi anayekufa kwa kuipigania nchi yake kwamba wanawe watalikumbuka jina lake. Niliuzunguka mnara mzima nikitafuta jina la mpagazi hata mmoja, nisilipate. Swali hilo la majina ndilo nililotembea nalo njia nzima.

Kutoka Mombasa nilipanda matatu hadi Kaloleni, katika nchi ya Wagiriama. Kituo hiki hakimo katika simulizi nyingi za vita, nami naona ni kosa kukiacha. Mekatilili wa Menza, aliyewaapisha wanawake na wanaume wasiwatoe vijana wao kwenda kufanya kazi za Mzungu, alikamatwa mwaka 1913 pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa Kisii, mwisho kabisa wa koloni upande wa magharibi. Mwaka 1914 walitoroka na kurudi pwani kwa miguu. Mapema mwezi Agosti, siku zilezile Uingereza ilipokuwa ikiingia vitani Ulaya, serikali ya kikoloni iliilipua Kaya Fungo, boma takatifu la Wagiriama msituni, kwa baruti. Baada ya kuomba ruhusa kwa wazee, nilipelekwa na mlinzi wa kaya hadi mahali anaposema palikuwa na mlango mmojawapo, penye miti michanga kuliko ya jirani yake. Alinionyesha kwa mkono kimo cha miti iliyoteketea, akasema kwamba kwa mababu zake kosa lile lilikuwa sawa na kufukua makaburi. Wagiriama walipoinuka, serikali iliwatoza faini ya rupia 100,000 na kuwadai vijana wa kuchukuliwa upagazi. Kwa hiyo hapa kilomita chache kutoka barabara kuu ya Nairobi, vita vya dunia vilikuwa vimekwisha kuanza kabla Mjerumani hajaonekana.

Kutoka Mariakani hadi Voi ni mwendo wa basi usio na la kusimulia zaidi ya joto na malori. Voi nikabadilisha gari, tukapita Mwatate, kisha Maktau, na baada ya hapo nyika ya Tsavo ikatanda pande zote mbili za lami. Ardhi ni nyekundu, miiba ni mingi, maji hayaonekani. Abiria mwenzangu, mama wa Kitaita aliyekuwa akirudi kutoka msibani, aliniambia kwamba kwao hadithi za vita hivyo huanza kwa kiu wala si kwa risasi. Nilimwamini mara moja, kwani kila mzigo wa maji, unga na risasi uliopita nyika hii kabla ya reli ya Maktau kujengwa mwaka 1915 ulipita juu ya kichwa au bega la mtu.

Taveta ni mji mdogo wa mpakani wenye ndizi tele na soko kubwa. Wajerumani waliuteka tarehe 15 Agosti 1914, siku ileile Mfereji wa Panama ulipofunguliwa upande wa pili wa dunia, na kutokea hapo wakawa wanatuma vikosi vidogo kwenda kuivuruga reli ya Uganda. Makaburi ya kijeshi ya Taveta yanatunzwa vizuri sana. Nyasi zimekatwa, mawe yamepangwa kwa mstari, na kila jiwe lina jina, cheo na tarehe. Wengi waliolala hapo walikufa mwaka 1916, wakati majeshi ya Uingereza na Afrika Kusini yalipourudisha mji. Sina kinyongo na unadhifu huo. Lakini mtu aliyetoka kuiona Kaya Fungo hawezi kusimama pale bila kujiuliza wapagazi walizikwa wapi.

Nilivuka mpaka Holili, nikalala Moshi. Mwaka 1914 hapa ndipo reli ya Usambara ilipoishia. Wajerumani walianza kuijenga kutokea Tanga mwaka 1893, wakaifikisha Korogwe mwaka 1902, na ikawachukua karibu miaka kumi mingine kuikamilisha hadi Moshi. Ilikusudiwa kubeba mkonge, kahawa na mbao. Usiku wa tarehe 2 Novemba 1914 ilianza kubeba askari, kwa sababu Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda aliyekuwa amewasili nchini mwezi Januari tu, alikuwa amepata habari kwamba meli za Waingereza zimeonekana Tanga.

Mimi niliifuata njia hiyo kwa basi: Same, Mombo, Korogwe, Segera, Muheza, milima ya Pare na kisha Usambara ikiwa upande wa kushoto karibu muda wote. Nilikaa dirishani nikiwaza namna askari wale walivyojazana katika mabehewa, wengi wao wakiwa vijana wa Kinyamwezi, Kisukuma na Kimanyema, wakikimbilia kuulinda mji ambao haukuwa wao kwa niaba ya mfalme ambaye hawakupata kumwona.

Tanga nilikwenda moja kwa moja Ras Kasone, upande wa Hospitali ya Bombo, ambako jengo la kale la hospitali ya Kijerumani bado linatazama bahari. Hapa ndipo Meja Jenerali Arthur Aitken alipowashusha askari wapatao 8,000 waliotoka India, wakiwa wamechoka kwa majuma ya kuyumbishwa baharini. Aitken alikuwa amekataa msaada wa askari wa King's African Rifles, jeshi la Uingereza la askari wa Kiafrika, waliokuwa wakiijua nchi. Zaidi ya hayo, kabla ya kuwashusha watu, nahodha wa manowari ya Fox aliingia bandarini kuwaarifu Wajerumani kwamba makubaliano ya kutoshambuliana yamevunjwa, na hivyo akawapa nafasi ya kuita msaada. Nilishuka hadi ufukweni maji yakiwa yamekupwa. Tope linashika mguu hadi kifundoni, na mikoko imesongamana kiasi kwamba mtu mmoja asiye na mzigo hupata shida kupenya. Sembuse aliyevaa buti, akiwa na bunduki na mkoba wa risasi, gizani.

Lettow-Vorbeck aliupeleleza mji usiku kwa baiskeli, kisha akapanga askari wake, wapatao 1,000 tu. Mapambano makali yalikuwa ya tarehe 4 Novemba. Wanajeshi wa Kashmir na wa Lancashire waliingia hadi ndani ya mji, lakini upande wa pili mstari ulivunjika, na nyuki waliochokozwa na risasi katika mizinga iliyoning'inia mitini wakawashambulia watu wa pande zote. Siku iliyofuata Waingereza walirudi melini wakiacha mamia ya bunduki, bunduki 16 za rashasha na risasi 600,000. Walikufa watu 360 upande wao. Upande wa Wajerumani walikufa takriban 70, wengi wakiwa askari Waafrika. Tom von Prince, aliyepigana na Mkwawa miaka ya 1890 na ambaye watu walimwita Bwana Sakarani, aliuawa hapa. Jina lake linapatikana katika kila maelezo ya vita vya Tanga. Askari waliokufa naye siku hiyo hutajwa kwa idadi.

Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayosimamia makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, ikaomba radhi. Ni jambo jema, nami nalipokea kwa moyo. Lakini hilo linawahusu waliotumikia Uingereza. Waliochukuliwa na Wajerumani wana nani wa kuwaulizia?

Siku ya mwisho nilikaa barazani na mzee mmoja, si mbali na stesheni, ambaye babu yake alichukuliwa Muheza kubeba risasi za Wajerumani na hakurudi tena. Nilimwomba anitajie jina, la baba na la kijiji. Alilitaja polepole, akasubiri niandike, akaomba daftari alisome, akasahihisha herufi moja. Nilipotaka kufunga daftari akanishika mkono, kwani alikuwa na wengine wa kijiji hichohicho wa kunitajia, na mkewe aliyekuwa akisikiliza kutoka ndani naye akatoka na wa kwao.