Siku moja maishani mwangu: mwanangu anaanza skauti

Saa 11 alfajiri. Nilimkuta ameshaamka, ameketi kitandani, shingoni kafunga kile kitambaa cha pembetatu nilichomkatia cha kujizoezea. Ana miaka 7. "Mama, ni mkono wa kushoto, eti?" Ndiyo, skauti hupeana mkono wa kushoto. Tukasalimiana hivyo mara tatu kabla sijawasha jiko.

Saa 12. Mkoba anaupanga mwenyewe, hilo tulishakubaliana. Nilisimama mlangoni, mikono nyuma. Chupa ya maji, daftari, penseli, kamba. Koti la mvua alilikunja likawa donge, akalisukumia chini kabisa. Mikono ikaniwasha. Lakini mtoto aliyepangiwa mkoba na mama yake hajui kitu kiko wapi, na mvua ikimkuta atamwaga vyote chini akitafuta. Nikamuuliza tu, "Mvua ikianza, utatoa nini kwanza?" Akafikiri, akalitoa koti, akaliweka juu. Kaulimbiu ya skauti ni "Uwe tayari", na nafikiri pale ndipo alipoielewa.

Saa 2 asubuhi nilikuwa kwenye cherehani. Mimi ni fundi, na wenzangu kazini walishangaa kwamba sijamshonea sare. Ningeweza kuimaliza kwa siku moja. Ila makundi mengi humwacha mtoto ahudhurie majuma kadhaa kwanza, aone kama anapenda, ndipo atoe ahadi ya skauti. Skafu ya kundi na beji huja siku hiyo. Nikimvika vyote leo nitakuwa nimemnyang'anya siku yake.

Saa 7 mchana, mapumziko. Mzazi mwenzangu alinipigia simu kuuliza iwapo naye amlete wake. Nilimwambia nilichofanya mimi: kabla ya kuandikisha, nilikwenda kwa kiongozi na swali moja. Je, kuna wakati mtu mzima atakuwa peke yake na mtoto mmoja? Akanijibu bila kusita kwamba hakuna, watu wazima ni wawili au zaidi kila mara, safarini na kambini pia. Angebabaika, au angeona nimemvunjia heshima, ningeondoka na mtoto wangu. Na mtoto mwenyewe nimeshamwambia kuwa skauti haina siri ambayo mama haruhusiwi kuijua.

Saa 9 alasiri nilifunga kazi mapema. Tukakaa na kamba zetu. Fundo la kwanza wanalofundishwa wengi ni lile bapa: ncha ya kulia juu ya kushoto, kisha ya kushoto juu ya kulia. Ukikosea, ukarudia kulia mara mbili, linakaa upande na kuteleza. Lake liliteleza mara ya nne, akaitupa kamba, machozi yakamtoka. Sikuigusa kamba yake. Nilikuwa nimeketi mbele yake, na hapo ndipo kosa langu lilipokuwa, kwa sababu kulia kwangu kulikuwa kushoto kwake. Nikahamia ubavuni, nikafunga langu polepole, yeye lake. Likalala bapa. Nikamwonyesha picha ya beji ya skauti wa dunia, ile ya zambarau: kamba nyeupe inayoizunguka imefungwa kwa fundo hilohilo. Akaitazama muda mrefu.

Saa 10 na nusu jioni. Watoto walikuwa wameshasimama duara. Akaning'ang'ania gauni. Akaja msichana mdogo tu, labda wa miaka 9, kiongozi wa watoto 6, akanyoosha mkono wa kushoto. Mwanangu akampa wake, akaenda. Mimi nisingeweza kumbandua pale kwa maneno yoyote. Mambo haya yana asili ya mbali: mwaka 1907, kwenye kambi ya majaribio ya Brownsea, Uingereza, Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliwagawa wavulana wapatao 20 katika vikosi vidogo, kila kimoja na kiongozi kijana kama wao. Wadogo walipata sehemu yao mwaka 1916, kwa kuwa walikuwa wakiwaandama kaka zao wasitake kungoja umri.

Kiongozi alinionyesha mlango kwa upole. Nikatoka. Nilikaa nje saa nzima, nikisikiliza vicheko, nikijaribu kutambua chake.

Saa 12 jioni sikumuuliza kama amefanya vizuri. Nilimuuliza amefunga nini. Fundo lilimfunguka katikati ya mchezo, akasema, lakini yule msichana alikaa ubavuni mwake, "kama wewe, mama". Na wamepewa kazi: tendo jema moja kila siku, bila kuambiwa.

Saa 2 usiku. Alitoa vyombo mezani, akavunja kikombe, akaenda kuchukua ufagio mwenyewe. Sasa amelala. Mguu wa kiti una kamba yenye fundo. Nimelivuta kwa nguvu, halijateleza. Nimeliacha palepale, alikute asubuhi.