Usiipime mashine ya milingi kwa mizunguko ya spindo

Muuzaji wa mashine ya milingi ya CNC ya kasi ya juu, yaani inayochonga metali ikiongozwa na kompyuta, huanza na spindo, sehemu inayoshika na kuzungusha kikata: mizunguko 24,000 kwa dakika. Namba hiyo ni ya kweli, ila haikuambii utatoa vipande vingapi hadi jioni. Kinachoamua ni mwendo ambao kikata kinaupata kweli ndani ya kazi yako.

Hesabu ya mwanzo ni rahisi. Kikata cha mm 10 chenye meno 3, kwenye alumini, kwa mizunguko hiyo 24,000, kina kasi ya kukata ya mita 754 hivi kwa dakika. Weka mlisho, yaani mwendo wa kikata kusonga mbele ndani ya kazi, wa mm 0.1 kwa kila jino, utapata mm 7,200 kwa dakika. Kina cha mm 10 na upana wa mm 3 vitaondoa sentimita za ujazo 216 kila dakika, kazi inayotaka karibu kW 2.5 kwenye kikata. Kwa hiyo dai grafu ya nguvu ya spindo, usome nguvu ya kazi ya mfululizo kwenye mizunguko hiyo hiyo. Nguvu ya dakika chache haitakusaidia.

Hesabu hiyo inachukulia kwamba mashine inakwenda moja kwa moja bila kupinda. Kwenye kona ndiko muda unakopotelea. Mhimili, yaani upande mmoja wa mwendo wa mashine, wenye mchapuko (kiasi cha kuongeza kasi) wa mita 5 kwa sekunde mraba unahitaji mm 11 kufikia mita 20 kwa dakika, na mm 11 nyingine kusimama. Ndani ya mfuko, yaani shimo lililochongwa kwenye kipande, wenye ubavu wa mm 15, kasi hiyo haifikiwi kamwe. Kilele ni kama mita 16 kwa dakika, na kwa kuwa mashine hulainisha mchapuko ili isitetemeke, hata hizo huzipati. Kwenye sura za mviringo kompyuta ya mashine nayo ina kikomo chake: ukienda mita 6 kwa dakika na kila mstari wa programu ni mm 0.1, inabidi isome mistari 1,000 kwa sekunde. Ikishindwa, mashine inasitasita na kuacha alama unazozihisi kwa kucha.

Kuna jaribio moja ninaloliamini kuliko karatasi zote za mauzo. Endesha programu ya kipande chako hewani, bila kukata kitu, mlisho ukiwa asilimia 100, uandike muda. Rudia kwa asilimia 50. Muda ukikaribia kuwa mara mbili, mashine ilikuwa inafikia mlisho ulioandika. Ukiongezeka kidogo tu, ilikuwa imebanwa na mchapuko au kompyuta, na spindo ya kasi zaidi haitakuongezea kitu.

Usahihi upimwe mashine ikiwa imeshapata joto. Chuma chenye urefu wa mm 300 kikipanda nyuzi 10 hurefuka karibu mm 0.036, kiasi cha kuharibu kina cha mfuko. Zungusha spindo saa nzima, ukipima urefu wa kikata kila dakika 10 hadi namba itulie. Kisha weka geji ya saa, kipimo chenye mshale, kwenye kikata. Kikiyumba mm 0.02, kina meno 2 na mlisho ni mm 0.04 kwa jino, jino moja linakata mm 0.06 na jingine 0.02. La kwanza litakwisha mapema, na lawama zitaangukia kikata wakati koleti, kishikio cha kikata, ndiyo chafu.

Mwisho, pima zamu nzima. Tuseme dakika 450 zilizopangwa, 90 zimepotea mashine ikiwa imesimama, kipande kinastahili dakika 6, vimetoka 48 na 45 ni vizuri. Upatikanaji 0.80 (360 kwa 450), kasi 0.80 (48 mara 6, kwa 360), ubora 0.94 (45 kwa 48), ukizidisha unapata 0.60. Zile dakika 90 zigawanye kwa sababu: kubadilisha kazi, kungoja kikata, kutoa mabaki ya alumini yaliyojaa. Kwenye mashine za kasi, sehemu kubwa mara nyingi ni kufunga na kufungua kazi, na jiriwa (kibanio cha kazi) ya pili iliyopangwa nje ya mashine ni nafuu kuliko spindo mpya.