Kumbukumbu ya mradi wa pool: kuuzuia mpira mweupe usiufuate mweusi shimoni

Mpira mweusi, wa mwisho kuingizwa, uko mdomoni mwa shimo la kona. Mweupe, ule unaopigwa kwa fimbo, uko nyuma yake, umenyooka nao, hakuna kitu katikati. Mweusi unaingia vizuri, halafu mweupe unaufuata taratibu, unafika ukingoni, unatumbukia. Mchezo umekwenda, na wa kulipia unaofuata ni wewe. Hakuna pigo linaloudhi kama hilo, maana shabaha haikukosewa hata kidogo. Baada ya wiki sita za kupima, pigo hilo sasa limekubali kwenye Meza A. Kwenye Meza B limekubali kwa umbali mfupi tu, na kutafuta kwa nini lilikataa kumevuruga mpango wote wa mradi.

Meza zote mbili ni za sarafu, zote ziko Kondele hapa Kisumu, uso wa kuchezea sentimita 183 kwa 91 kutoka raba hadi raba. Meza A ina mipira ya rangi ya milimita 51 na mweupe wa milimita 48. Meza B ina mipira yote saizi moja, milimita 51. Tofauti hiyo iliandikwa ukurasa wa kwanza wa daftari, kisha ikasahauliwa kwa wiki nne nzima. Kumbe jibu lilikuwa limelala hapo.

Mpango ulikuwa hatua tatu: pigo lililonyooka, pigo la nusu mpira (mweupe unalenga ukingo wa mpira wa rangi na kufunika nusu yake), kisha kuvunja, yaani pigo la kufungulia mchezo.

Wiki ya 1: meza kwanza

Sakafu ya saruji ya baa haijanyooka, na meza ikilalia kona moja, mweupe unaokwenda polepole utaishia kona hiyo hata ukipigwa na bingwa. Pima maji ya fundi ujenzi inatosha: ilaze katikati ya meza kwa urefu, kisha kwa upana, kisha karibu na kila kona. Halafu viringisha mweupe polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine, na urudishe kwa njia ileile. Ukikunja kulia ukienda na kushoto ukirudi, meza imeinama. Ukinyooka upande mmoja na kupinda upande mwingine, tatizo ni manyoya ya kitambaa, na kitambaa kinataka kupigwa brashi kuelekea upande mmoja tu, kutoka upande wa kuvunjia kwenda upande wa mipira. Meza B ilikuwa imelalia kona ya mlangoni. Skrubu za miguuni zilikuwa na kutu, kwa hiyo imeinuliwa kwa vipande vya kadibodi vilivyokunjwa. Vinashuka baada ya siku chache, inabidi kurudia.

Mipira ioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ikaushwe. Mpira wenye uchafu wa chaki na mafuta ya mikono hushikana na mwenzake wakati wa kugongana, na hesabu zote zinazofuata zinaharibika. Jioni za mvua, unyevu wa ziwa ukishaingia kwenye kitambaa, mipira inaviringika umbali mfupi zaidi. Vipimo vyote humu ni vya siku kavu.

Wiki ya 2 na ya 3: pigo lililonyooka

Mweupe ukipigwa katikati kabisa huanza safari kwa kuteleza, haujaanza kuviringika. Kitambaa kinaukamata kwa chini na kuulazimisha kuviringika kadiri unavyokwenda. Ukiufikia mpira wa rangi ukiwa bado unateleza, unaukabidhi mwendo wote na kusimama palepale. Ukiufikia ukiwa unaviringika tayari, mwendo wa mbele unahama lakini mzunguko unabaki, na mzunguko huo ndio unaouondoa tena pale uliposimama na kuupeleka shimoni. Wengi wanaona mweupe umesimama kidogo kisha ukaanza tena wenyewe, wanadhani meza imeinama. Mara nyingi ni mzunguko.

Kwa mipira yenye uzito sawa, mweupe uliokuwa unaviringika hubaki na 2/7 ya kasi yake, na wa rangi huishia na 5/7. Umbali huenda kwa mraba wa kasi, kwa hiyo ni 4 kwa 25. Yaani kwa kila mita ambayo mpira wa rangi ungesafiri, mweupe unaufuata kwa sentimita 16.

Weka nambari hiyo kichwani. Mweusi ukiwa sentimita 20 kutoka shimoni, mweupe utakapougonga utakuwa na sentimita 25 za kwenda, kwa sababu uko nyuma kwa kipenyo cha mpira mmoja. Piga kwa nguvu ya kuupeleka mweusi sentimita 50, mweupe utafuata 8 na kutulia. Piga kwa nguvu ya kuupeleka mita 2, mweupe utafuata 32. Umeingia. Kwa hiyo dawa ya kwanza ya mweusi ulio mdomoni ni kupunguza nguvu, na hii ndiyo sababu ya kuhangaika na pima maji kwanza. Pigo la polepole haliaminiki kwenye meza iliyoinama.

Dawa ya pili ni kusimamisha: kupiga chini ya katikati ili mzunguko wa nyuma uwe umeisha wakati uleule mweupe unapogusa. Hapa ndipo wiki mbili zilipoishia. Swali ni chini kiasi gani, na watu hujibu kwa maneno kama "kidogo". Ili kuona ncha ya fimbo inagusa wapi hasa, tumia mpira wa mistari badala ya mweupe kwenye mazoezi. Ulaze mstari wake sambamba na kitambaa, paka chaki mpya, piga, kisha tazama doa la chaki liko umbali gani kutoka katikati ya mstari. Mara nyingi doa liko juu kuliko mpigaji anavyoamini, kwa sababu mkono wa nyuma hushuka na ncha huinuka dakika ya mwisho.

Kwa nguvu inayoupeleka mweupe peke yake, bila kugonga mpira mwingine, urefu wa meza mara mbili na nusu, vipimo vilitulia hivi: mweupe ukiwa na sentimita 30 za kusafiri kabla ya kugonga, milimita 2 chini ya katikati. Sentimita 60, milimita 5. Sentimita 90, milimita 8. Sentimita 120, milimita 12, na hapo umefika mwisho, kwa sababu ncha ikipita nusu ya njia kutoka katikati hadi ukingo wa mpira inateleza. Mpira wa milimita 48 una nusu kipenyo cha 24, basi 12 ndiyo mpaka. Ukipunguza nguvu, umbali wote huu unafupika, maana kitambaa kinapata muda wa kuula mzunguko. Ndiyo maana pigo la chini lililo laini, kwa umbali mrefu, linawasaliti watu kila siku: mweupe unafika ukiwa umeshaanza kuviringika mbele.

Kuhusu fimbo

Fimbo za baa nyingi zina ncha iliyokuwa bapa na kung'aa kama kioo. Ncha ya namna hiyo haiwezi kugusa milimita 10 chini bila kuteleza. Kipande cha msasa laini kinatosha kuirudishia mviringo na kuikwaruza kidogo ili ishike chaki. Chaki ipakwe kwa kufuta juu ya ngozi ya ncha. Kuikoboa kwa kuzungusha kunaacha katikati ya ncha tupu na kujaza chaki kwenye mbao ya fimbo. Fimbo nzito inasifiwa mno. Kwa pigo hili linalotaka milimita, fimbo ya gramu 500 hivi iliyonyooka inashinda ile ya gramu 600. Na kunyooka kwa fimbo hakupimwi kwa kuiviringisha mezani tu: itazame kwa jicho moja kutoka kishikio hadi ncha, kwa sababu meza yenyewe ina mabonde.

Wiki ya 4: nusu mpira, na kukwama

Ukigonga nusu ya mpira wa rangi, mweupe ukiwa unaviringika, unaacha njia yake kwa digrii 34 hivi. Jambo la kupendeza ni kwamba pembe hiyo haibadiliki sana: kuanzia robo mpira hadi robo tatu, inabaki karibu na 30. Kunjua kidole cha shahada na cha kati viwe V iliyokaza, elekeza kimoja kwenye njia ya mweupe, na kingine kitakuonyesha unakokwenda. Kikielekea shimo, badilisha pigo.

Lakini V inatoa mwelekeo tu. Mweupe haukati kona papo hapo. Huondoka kwanza kwa pembe ya digrii 90 na njia ya mpira wa rangi, kisha mzunguko unauvuta mbele na njia inapinda kama upinde. Mfaransa Coriolis aliandika hesabu za biliadi mwaka 1835, akaonyesha kwamba upinde huo ni parabola. Kwa mchezaji maana yake ni hii: ukiongeza nguvu, mweupe unakwenda mbali zaidi kwenye ule mstari wa digrii 90 kabla ya kupinda. Mwelekeo wa mwisho ni uleule, ila njia nzima imesogea pembeni. Pigo la polepole linalopita salama sentimita 10 kando ya shimo la katikati, likiongezwa nguvu linaingia shimoni. Shabaha ileile, pembe ileile.

Kwenye Meza A jambo hili lilieleweka ndani ya siku tatu. Kwenye Meza B mweupe uliendelea kuingia shimo la katikati kwa nguvu zote tatu zilizojaribiwa. Hata pigo lililonyooka, lile lililodhaniwa limeshamalizwa, mweupe ulikuwa unatambaa mbele kila mara, hata ukipigwa kwa vipimo vilevile vya milimita 2, 5 na 8. Na Meza A nayo ilikuwa na dosari ambayo daftari lilikuwa limeipuuza: hesabu inasema sentimita 16 kwa mita, lakini mweupe ulikuwa unafuata 11 tu.

Wiki ya 5: mizani

Hapo ndipo kuvunja kulipoachwa. Badala yake mipira ilipelekwa kwenye mizani ya dijitali ya kupimia unga wa keki. Mizani ya wauza samaki haifai, hatua zake ni kubwa mno.

Mipira ya rangi ya meza zote mbili: gramu 118 hivi. Mweupe wa A: 97. Mweupe wa B: 130.

Ukiweka nambari hizo kwenye hesabu ileile ya kugongana, kila kitu kinakaa mahali pake. Mweupe mwepesi wa A unaviringika kufuata kwa sentimita 11 kwa mita, sawasawa na daftari. Mweupe mzito wa B unafuata kwa 18. Kibaya zaidi, mweupe mzito hausimami hata ukifika bila mzunguko wowote: unabaki na karibu sehemu 5 katika 100 za kasi yake na kuendelea mbele. Wa A katika hali hiyohiyo unarudi nyuma kwa karibu sehemu 10 katika 100. Hata ule mstari wa digrii 90 ni wa mipira yenye uzito sawa tu. Mweupe wa B huondoka mbele ya mstari huo, wa A huondoka nyuma yake.

Tofauti ya uzito imetokana na jinsi meza ya sarafu inavyoutambua mweupe ili iurudishe. Meza A inautambua kwa udogo wake. Mpira mdogo unapita kwenye mfereji wake, mikubwa inabaki kwenye boksi. Meza B ina sumaku ndani, na mweupe wake una chuma kinachovutwa. Ndiyo maana mweupe wa kuazima kutoka meza nyingine humezwa, na mchezo husimama mpaka mwenye ufunguo apatikane. Kabla ya kuweka sarafu kwenye meza ngeni, shika mweupe mkono mmoja na mpira wa rangi mkono mwingine. Gramu 12 zinasikika mkononi.

Wiki ya 6: yaliyopo sasa

Meza A, pigo lililonyooka: limekwisha. Ukipiga kwa nguvu ndogo, mweupe ulio mwepesi unakusaidia. Ukisimamisha, unarudi kidogo. Hatari imehamia kwingine: mweusi ukiwa karibu na mweupe na pigo likiwa la chini mno, mweupe unarudi urefu wote wa meza na kutafuta shimo la kona ya nyuma. Kwa sentimita 30 au pungufu, milimita 2 zinatosha kabisa, usiongeze.

Meza B, pigo lililonyooka: ongeza milimita 1 hadi 2 chini kwa kila kipimo. Kwa sentimita 90 hiyo inafanya karibu milimita 10, na mpaka wa mpira wa milimita 51 ni 12.75. Zaidi ya sentimita 90 kusimamisha hakuaminiki kwa nguvu hii, na kuongeza nguvu kunaleta kuteleza kwa ncha. Hapo ni kupiga polepole tu, au kuupiga mweusi pembeni kidogo ya katikati, ikiwa mdomo wa shimo una nafasi, ili mweupe uelekee raba badala ya shimo.

Meza B, nusu mpira kuelekea shimo la katikati: bado unaingia. V ya vidole imebanwa kidogo kwa sababu mweupe mzito unapinda pungufu, na imesaidia kwenye nguvu ndogo peke yake. Jaribio la Jumamosi ni kuanza na mweupe sentimita 10 nyuma zaidi, pembe ileile, ili ufike ukiwa unaviringika kikamilifu. Kadibodi ya mguu wa mlangoni ibadilishwe kwanza.