Tuzo za wanawake: tumeleta meza, tumeacha risiti

Mliobaki nyumbani Tanzania mmeshazoea, ndiyo maana hamshangai kama sisi tuliorudi kutoka Marekani. Machi Nane, Siku ya Wanawake, tuliyoiacha ilikuwa ya uwanjani: maandamano kata kwa kata, doti za kanga za mwaka huo, kwaya, ngonjera, risala ndefu, mgeni rasmi kachelewa, soda moja moja, kila mtu kwao. Leo nayo imehamia ukumbini. Kuna zulia jekundu, bango la kupigia picha, kura za ujumbe mfupi, tuzo za "mwanamke kiongozi" za kila aina, na kuna bei ya meza. Na zulia sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na meza.

Mchezo wenyewe huwa hivi. Mama anapokea ujumbe: hongera, umeteuliwa kuwania tuzo ya mwanamke aliyegusa jamii. Ujumbe wa pili unamtaka atume picha tatu na wasifu. Wa tatu unamwambia bei ya meza ya watu kumi, akinunua mapema anapunguziwa. Asiponunua, jina lake linabaki kwenye orodha ya walioteuliwa, basi. Akinunua, anashinda, au anapewa kitengo kingine kilichobuniwa wiki hiyo hiyo. Kura za simu nazo zinakatwa fedha, kwa hiyo anayeshinda ni mwenye ukoo mkubwa au mwajiri mwenye vocha. Kwa hesabu hiyo mheshimiwa amejiheshimu mwenyewe kwa fedha zake, na sisi tumekaa tunapiga makofi.

Najua mtaniambia: si ndiko mlikotoka nyinyi huko Marekani, mashirika yanauza meza kila mwaka? Kweli kabisa, ni sisi tuliokuja nayo. Ila tumebeba nusu. Kule chakula cha hisani ni njia ya kulichangia shirika, na wanaonunua meza ni makampuni na marafiki wa shirika. Anayetunukiwa huwa mgeni. Mtu akilipa zaidi ya dola 75 na sehemu ya fedha hiyo ni chakula, sheria inalitaka shirika limwandikie chakula kile kina thamani gani, asije akaomba nafuu ya kodi kwa kuku aliyemla mwenyewe. Baadaye shirika linajaza fomu 990 ya mamlaka ya kodi, na fomu hiyo iko wazi kwa yeyote: hafla kubwa iliingiza ngapi, ukumbi na chakula vilikula ngapi, kilichobaki ni ngapi. Upuuzi kule upo, na mwingi, lakini una karatasi. Hapa nyumbani tumeleta meza, tumeleta zulia, tumeleta hata lafudhi ya MC. Risiti tumeiacha uwanja wa ndege.

Basi waulizeni waandaaji maswali matatu kabla hamjatuma mchango. Fedha za meza zinaingia akaunti ya nani: kampuni ya matukio au shirika lililosajiliwa kwa Msajili wa NGOs? Baada ya hafla, nani anapewa hesabu, na kwa tarehe gani? Mteule asiponunua kiti, tuzo yake inafikaje? Mkijibiwa "tutawajulisha", pikeni pilau nyumbani mumwite jirani yenu.

Kinachouma zaidi ni nani anakosekana ukumbini. Mtunza sanduku wa kikoba, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, hayupo. Msaidizi wa kisheria wa kata, anayekaa na mjane mwenye kesi ya mirathi mpaka jioni, hayupo. Mama wa kamati ya maji anayejua ni nyumba gani zimechepusha bomba, hayupo. Walioko ni wakurugenzi wa taasisi zenye majina yao wenyewe. Wapo wachapakazi kati yao, siwanyimi haki yao. Lakini tazama kazi za kikoba, halafu uniambie uongozi upo wapi.

Kikundi kilichosimama vizuri kina watu 15 hadi 30, mwenyekiti, katibu, mtunza sanduku na wahesabu fedha wawili. Sanduku ni la chuma, lina kufuli tatu, na funguo wanashika watu watatu tofauti ambao si viongozi. Mtunza sanduku analala nalo chumbani lakini hana ufunguo hata mmoja. Vitabu vya wanachama havipelekwi nyumbani, vinafungiwa humo humo pamoja na fedha na muhuri, ili mtu asijigongee hisa usiku. Siku ya mkutano sanduku linafunguliwa mbele ya wote, salio la wiki iliyopita linatajwa kwa sauti na wanachama kwa kichwa kabla halijahesabiwa, ndipo hisa zinanunuliwa: moja hadi tano kwa mtu, hazizidi. Kila hisa muhuri mmoja. Nafasi ambazo hazikugongwa zinapigwa mstari papo hapo. Mstari huo ndio unaozuia hisa za mwezi wa tatu kuzaliwa mwezi wa kumi. Mfuko wa jamii, wa msiba na ugonjwa, una mfuko wake wa kitambaa wenye fundo lake, na haukopeshwi kama fedha za hisa.

Wekeni hesabu. Tuseme wanachama 25, hisa shilingi 5,000, kila mmoja ananunua wastani wa hisa tatu kwa wiki, mikutano 48. Hisa zote ni 3,600, fedha ya hisa milioni 18. Riba na faini zikiifikisha milioni 21.6 siku ya mgao, wanachama wanapogawana fedha zote, kila hisa inakuwa 6,000. Mwenye hisa 144 anaondoka na 864,000. Sasa mama mmoja asahaulike kugongewa mihuri kumi katika mwaka mzima. Amepoteza karibu 58,000 (60,000 ukitoa nyongeza ndogo ya hisa zake zilizobaki), na fedha hiyo imegawanyika kwa wenzake bila yeyote kuiona, kama shilingi 17 kwa kila hisa. Hakuna mwizi hapo, ila mwakani mama yule hatarudi, na atakuwa ameshawaambia majirani kikoba kile ni cha wezi. Yule mhesabu fedha anayesimamisha mkutano mzima kwa sababu ya muhuri mmoja, wenzake wakimnunia kwamba jua linazama, ndiye ninayetaka apigiwe vigelegele.

Vinavyoviua vikundi ninyi mnavijua kuliko mimi, ila waandaaji wa tuzo hawaviulizi. Funguo mbili zinaangukia nyumba moja, mtu na mkwewe. Mkopo unapita mara tatu ya akiba ya mkopaji kwa sababu ni rafiki wa mwenyekiti. Mkopo wa zamani "unalipwa" kwa mkopo mpya, kitabu kinapendeza na sanduku halina kitu. Mikopo inaendelea kutolewa mpaka mwezi wa mwisho, mgao unafika nusu ya fedha iko mitaani. Vingine vimehamia kwenye simu siku hizi, na hilo nalisifu, lakini namba ya siri iliyoandikwa nyuma ya kitabu cha katibu ni ufunguo uleule uliopotea.

Kwa hiyo mkitaka kumheshimu kiongozi wa kikundi, msianze na picha. Anzeni na daftari. Kwanza cheti cha usajili: kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, vikundi vya kijamii vya fedha viko daraja la nne na vinasajiliwa kupitia halmashauri. Pili, mwulizeni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, maana ndiye anayejua kikundi kinachokutana na kikundi cha karatasi. Mnaikumbuka mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, isiyo na riba. Ilisimamishwa 2023 na kurudi 2024 kwa utaratibu mpya, na kati ya yaliyoisimamisha ni vikundi hewa na marejesho yasiyorudi. Baadhi ya hivyo hewa bila shaka vilikuwa na mwenyekiti mwenye ngao ukutani. Tatu, hudhurieni mkutano mmoja bila kutoa taarifa ya kishindo. Kaeni nyuma. Angalieni kama salio linatajwa kabla ya kuhesabiwa, na kama mwanachama wa kawaida anathubutu kumwuliza mwenyekiti.

Kwa shirika lisilo la faida ni vilevile, nyaraka zinabadilika tu: cheti, ripoti ya mwaka iliyopelekwa kwa Msajili, hesabu zilizokaguliwa, na orodha ya bodi ambayo si ukoo mmoja. Tafuteni kazi inayoweza kukaguliwa. Rebeca Gyumi alipotunukiwa tuzo ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa mwaka 2018, kazi yake ilishakaa kwenye hukumu ya Mahakama Kuu ya 2016 kuhusu vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vilivyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufaa ikaitupa rufaa ya serikali. Hapo hamna haja ya kura za ujumbe mfupi.

Tena msidhani zamani ilikuwa pepo. Barabara ya Bibi Titi Mohamed inapita Mnazi Mmoja, lakini mama huyo aliyewaingiza wanawake TANU kuanzia 1955, akipitia vikundi vya ngoma na lelemama vya Dar es Salaam, alikamatwa 1969 kwa kesi ya uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, akatoka 1972 na kukaa pembeni miaka mingi. Kwa hiyo kumheshimu mwanamke wakati bado ana meno ya kutafunia keki ni hatua, nakubali.

Lakini tazameni mawe ya msingi. Nendeni kwenye kituo chochote cha maji, zahanati au darasa lililojengwa kwa nguvu za wananchi. Marumaru nyeusi, herufi za dhahabu: limezinduliwa na Mheshimiwa fulani, cheo chake, tarehe. Walioponda kokoto, waliobeba maji ya kuchanganyia zege kwa ndoo, kamati iliyokusanya mchango nyumba kwa nyumba, hakuna. Jiwe lina nafasi ya kutosha, fundi anachonga chochote mtakachomwandikia. Andikeni mstari wa pili: kamati ya ujenzi, majina matano kamili, mwenyekiti na mweka hazina. Mpeni fundi karatasi iliyopigwa chapa, mkaisome herufi kwa herufi kabla hajashika patasi, maana marumaru haina kifutio. Na mstari huo upelekwe kwenye rasimu mapema, kabla ofisi ya wilaya haijaletewa mwaliko. Mkisubiri wiki ya uzinduzi mtaambiwa itifaki hairuhusu.

Mgeni rasmi naye ana utaratibu wake. Barua inakwenda kwa Katibu Tawala wa Wilaya wiki tatu au nne kabla, pamoja na ratiba na rasimu ya risala. Risala isizidi kurasa mbili, na ombi liwe moja. Risala yenye maombi saba hujibiwa "nimeyasikia". Ratiba iweke kuwatunuku wanawake kabla ya hotuba ya mgeni rasmi. Mkiwaweka baada yake, msafara utaondoka, wapiga picha watafuata, na akina mama watapokea vyeti vyao mbele ya viti vitupu na wapishi.

Kuhusu zawadi: ngao ya kioo haina kazi kwenye nyumba ya vyumba viwili, inaishia juu ya kabati na vumbi lake. Pea ya vitenge inavaliwa. Kwa kikundi, sanduku jipya lenye kufuli tatu zisizofunguliwa na ufunguo mmoja (nyingi za bei rahisi zinafunguana, jaribuni kabla hamjalipa), vitabu vya wanachama vya mzunguko mzima, kikokotoo, muhuri na wino. Kwa msaidizi wa kisheria, nauli ya mwaka ya kwenda baraza la kata na mahakama ya mwanzo. Kama kamati imekusanya milioni tatu, nusu au zaidi iondoke na wanaotunukiwa. Ukumbi na MC wagawane inayobaki, na wasipotosheka, shule ina bwalo. Sare msiwauzie wanaotunukiwa. Hili naliandika kwa sababu nimeona linatakiwa kuandikwa.

Waulizeni wenyewe kama wanataka. Wapo watakaokataa, na wana sababu: mwanamke akitangazwa ameshika fedha za watu, kesho mlango wake una foleni ya wakopaji, na mkwe aliyepotea miaka sita anakumbuka njia. Kwa hiyo sherehe isiwekwe siku ya mgao. Wekeni mkutano wa kwanza wa mzunguko mpya, sanduku likiwa karibu tupu na kila mtu ameshapeleka fedha yake anakopeleka. Na MC apewe onyo kwa maandishi: idadi ya wanachama ataje, miaka ya kikundi ataje, majina ataje yote. Kiasi walichogawana asikiguse kwenye kipaza sauti. Akibanwa aseme kikundi kimefanya vizuri, apige muziki.